Njia ya Jicho Moja

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio mawili?

Asikie mawili!

Na mwenye moja?

Ageuze shingo!

Basi geuzeni shingo, wakubwa kwa wadogo.

Hapo zamani za kale, kale ya wanyama kukaa barazani na kungojana zamu ya kusema, palikuwa na bonde. Upande mmoja wa bonde ulipita mto. Upande wa pili ilisimama milima. Katikati ya milima palikuwa na upenyo mwembamba, nao uliitwa Mlango wa Chumvi. Ukiupita, unatokea kwenye ardhi nyeupe ya magadi. Wanyama walikwenda, wakalamba, wakarudi. Walikwenda, wakalamba, wakarudi. Ndama wakapata mifupa migumu, wazee wakapata hamu ya kula, na maisha yakaenda.

Mwaka mmoja ikanyesha mvua isiyojua kuacha. Chururu, chururu, chururu. Ikanyesha mpaka mlima ukachoka kusimama. Gubu! Gubu-gubu-gubu! Mawe yakashuka, udongo ukashuka, Mlango wa Chumvi ukajaa mpaka juu. Miiba ikaota juu ya mawe. Njia ikafa.

Siku hiyo vijana walikuwa ng'ambo, wamekwenda kulamba. Kati yao alikuwamo binti wa Punda Milia. Jina lake Mashavu, kwa kuwa alizaliwa na mashavu kama vibuyu viwili. Mama yake hakwenda naye. Alikuwa na mwiba katika ukwato. Mwiba mdogo tu, wa kukutia uvivu. Alimwambia binti yake, nenda na wenzako, kesho tutakwenda wote.

Kesho hiyo haikuja.

Je, mnajua punda milia anavyomlea mtoto? Akishazaa, haruhusu yeyote asogee. Si shangazi, si jirani. Anamzunguka mtoto, anasimama kati yake na ulimwengu, naye mtoto anatazama ubavu wa mama. Anautazama mstari kwa mstari mpaka aujue. Maana punda milia kwa mbali ni wamoja, lakini hakuna wawili wenye milia sawa. Mashavu aliusoma ubavu wa mama yake asubuhi moja ya jua jepesi, miguu yake bado inatetemeka, na mama akasimama tuli, akasomwa. Asubuhi hiyo ndiyo Punda Milia aliyokuwa akiikumbuka kila siku baada ya mlima kushuka.

Kila alfajiri alikwenda mbele ya mawe, akatega sikio. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo, ulileta sauti.

"Kwa-ha. Kwa-ha."

Ndiye. Mama akajibu, "Kwa-ha." Kisha akaimba kwa sauti ya chini, maana wimbo ule haukuwa wa watu:

*Jiwe, jiwe, sogea kidogo,*
*Mashavu anione.*
*Sitaki njia ya tembo,*
*nataka ya jicho moja.*

Jiwe halikusogea. Mvua zikaja, zikapita. Sauti ya ng'ambo ikawa nzito, ikawa sauti ya mtu mzima. Kisha ikawa haiji kila siku. Upepo ulipokosea njia, mama alirudi bila kitu, akala majani yasiyo na ladha.

Na si yeye peke yake aliyepoteza ladha. Bonde zima lilikosa chumvi. Ndama walizaliwa na magoti laini. Twiga, bwana mkubwa yule, shingo ndefu na heshima zake, alionekana akitafuna mfupa mkavu ili apate chumvi kidogo. Fisi akamtazama, akamwambia, "Kaka, mwenzako nala mifupa kwa ukoo. Wewe umeanza lini?" Wanyama wakacheka. Lakini kesho yake hata Swala alikuwa na mfupa mdomoni, na hakuna aliyecheka tena.

Sasa, bonde lile lilikuwa na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Sitaki mmchukie. Hakuwa mkatili, hakuwa mwizi. Ila alikuwa mtu wa mto. Alizaliwa mtoni, alilala mtoni, alikula ukingoni mwa mto, na kwake kila kitu duniani huja na maji. Magadi hakuwahi kuyatamani. Mlango wa Chumvi hakuwahi kuupita, maana kiuno chake kisingepita.

Na bonde lilikuwa na mpiga mbiu. Huyo alikuwa Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa na sauti ya kupasua mawingu. Barazani hawakwenda wote, kwa maana wakienda wote majani yataliwa na nani? Kila ukoo ulipeleka mjumbe mmoja. Wajumbe wakisema, Hondohondo husikiliza, kisha huruka kilima hadi kilima na kutangaza. Wajumbe wenyewe walikula kiapo wasibebe neno lolote kutoka barazani, maana kila mmoja angebeba la kwake. Wanyama wa vilimani wakikubali jambo, hupiga kwato, kilima kikatikisika. Wakikataa, hunyamaza. Hivyo ndivyo bonde lilivyoamua mambo yake tangu enzi za babu.

Na babu hao waliacha desturi moja. Kabla mpiga mbiu hajaruka, lazima asimame mbele ya kila aliyesema, amrudishie neno lake. "Umesema hivi na hivi." Msemaji akisikia ni sawa, husema, "Ndilo." Akisikia si sawa, husema, "Silo," na mpiga mbiu huanza upya. Bila "ndilo" hakuna kuruka. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyokuwa desturi.

Basi siku moja Kiboko aliita baraza chini ya mkuyu wa ukingoni. Alikuwa na furaha mpaka masikio yanacheza. Akasema kwamba Tembo wa Nyanda za Juu, bwana wa mabwana, ameahidi kulitembelea bonde na ukoo wake wote. Haijapata kutokea. Kwa hiyo kiangazi hiki wanyama wote waache kazi nyingine, wachimbe bwawa la mapokezi na kuinua jukwaa la udongo, mgeni akija akute mahali pa heshima. Bonde litasifiwa. Watoto wetu watasimuliwa.

Ngiri akaunga mkono kabla sentensi haijaisha. Ngiri alipenda sana matope ya kuchimbwa na wengine.

Punda Milia akaomba neno. Alikuwa amelala na neno hilo kifuani kwa misimu mingi. Akasema taratibu kwamba mgeni ni baraka, hakuna anayekataa mgeni. Lakini Tembo wa Nyanda za Juu hutokea upande wa magadi. Yeye mwenyewe ujanani aliziona nyayo zao kule, kubwa kama nyungo. Hawana njia nyingine ya kuingia bondeni ila Mlango wa Chumvi. Tukichimba bwawa na tusifungue njia, mgeni atapita wapi? Tufungue njia kwanza. Ndama watapata chumvi, mgeni atapata pa kupita.

"Na mwanangu yuko upande ule," akasema. Hapo sauti ikamkatika. Akalia.

Kiboko akajibu kwa upole, kama anavyojibu mtu asiyesikia vizuri, "Mama, usijali. Tembo atakuja na mto. Kila chema huja na mto."

Hondohondo akashuka kurudisha maneno. Akasimama mbele ya Kiboko, akarudisha neno lake lote, tangu heshima hadi jukwaa. Kiboko akasema, "Ndilo." Akaruka mpaka kwa Ngiri. "Ndilo." Punda Milia akafuta macho, akasimama wima, akangoja zamu yake.

Hondohondo akamtazama, akatazama jua, akautazama mkuyu. Lazima niwaambieni habari ya mkuyu huo. Ndani ya shina lake palikuwa na tundu, na ndani ya tundu alikuwamo mke wa Hondohondo, akiatamia mayai. Ndege hao desturi yao ni hiyo. Mke huingia tunduni, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Mume humlisha kwa ufa huo mpaka watoto wakue. Tini za kumlisha zilitoka mkuyu uleule, na mkuyu ulikuwa kwenye ukingo wa Kiboko, na Kiboko alikuwa amesema, "Kula, mpiga mbiu wangu. Mkuyu ni wako maadamu mimi nipo."

Hondohondo akasema haraka, "Mama, wewe nimekusikia. Hata machozi yako nimeyaona."

Puruu, akaruka kabla mjumbe yeyote hajamzuia.

Akafika kilima cha kwanza. Akapaza sauti. Akatangaza habari ya mgeni, heshima ya bonde, bwawa, jukwaa, yote kwa vina na mapambo. Mwishoni akasema, "Naye Punda Milia alilia."

Akafika kilima cha pili. Bwawa, jukwaa, heshima. "Naye Punda Milia alilia."

Kila kilima hivyohivyo. Wanyama wakatazamana. Huyu analia nini, na mgeni anakuja? Nyani wakaangua kicheko matawini. Kisha kwato zikapigwa, gubu-gubu, gubu-gubu, vilima vikatikisika. Bwawa lichimbwe.

Kiangazi chote walichimba. Punda Milia naye alichimba, maana lililoamuliwa limeamuliwa. Udongo wa mto ni mwekundu na mzito. Ulimrukia ubavuni, ukakauka, ukarukiwa na mwingine. Nyani walimwita Bi Machozi. Walimwambia, "Bi Machozi, lia hapa kidogo, bwawa lijae upesi." Alijaribu kuwaeleza ndama wa jirani habari ya njia ya Tembo. Mama zao wakawavuta kando. Mpiga mbiu hakusema hivyo. Ungekuwa ukweli, angesema.

Jioni moja akaenda mkuyuni. Akamkuta Hondohondo akichuma tini. Akamsalimu, akamuuliza bila ukali kwa nini hakumrudishia neno lake.

Hondohondo akavimba shingo. "Nimesema uongo gani, mama? Hukulia?"

"Nililia, mwanangu."

"Basi."

"Nililia baada ya kusema. Wewe ukabeba machozi, ukaacha neno."

Hondohondo akasema mbiu haiwezi kubeba kila kitu, ni ndefu, na wanyama wanachoka kusikiliza. Punda Milia akautazama ule ufa katika shina. Ncha ya mdomo ilikuwa imejitokeza, ikingoja tini.

"Wewe una ufa," akasema. "Kila siku unaona mdomo wa mkeo, unajua yu hai. Mimi nina upepo tu. Na siku hizi hata upepo hauleti kitu."

Ndipo sauti ikatoka ndani ya mti, sauti ya mtu aliyekaa gizani muda mrefu na kufikiri.

"Baba watoto," mke wake akasema, "mimi nimo humu, nina ufa mmoja tu, na siku ile nilisikia yote mawili. Wewe una anga zima. Ilikuwaje ukatangaza moja?"

"Na mkuyu tukinyang'anywa? Utakula nini humo ndani?"

Mke akasema, "Mkuyu huu ulikuwapo kabla ya Kiboko kuzaliwa. Nani alimpa?"

Hondohondo akabaki na tini mdomoni. Punda Milia akaaga, akaenda mbele ya mawe. Upepo ulivuma mzuri, moja kwa moja kutoka ng'ambo. Alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Hakusikia kitu. Akaimba, lakini safari hii aliuimba kama mtu anayeliimbia kaburi:

*Sitaki njia ya tembo,*
*nataka ya jicho moja.*

Siku ya mgeni ikafika. Bwawa lilikuwa limejaa, linang'aa. Jukwaa limesimama. Korongo wamejipanga kwa dansi. Kiboko ameogea ukingoni, ametoka, ameoga tena. Macho yote yalikuwa mtoni, maana Mwenyekiti alisema atakuja na mto.

Jua likapanda. Mgeni hayupo. Jua likasimama kichwani. Mgeni hayupo. Jua likaanza kushuka, korongo mmoja akalala amesimama. Ndipo, mbali, nyuma ya migongo yao wote, upande wa milima, ikasikika:

"Paaaa. Paaaa."

Wanyama wakageuka. Tarumbeta za tembo. Zilikuwa zinatoka nyuma ya mawe ya Mlango wa Chumvi, tena zilikuwa zinazunguka huku na huku, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani.

Kiboko akatetemeka masikio. Akamwita Hondohondo, akamwambia apande juu atangaze kwamba mgeni amechelewa kwa sababu zake mwenyewe, na wanyama waendelee kungoja kwa utulivu.

Hondohondo akapanda tawi la chini la mkuyu. Karibu yake, katika ufa, ncha ya mdomo wa mke wake ilikuwa imetulia. Bonde lote lilikuwa hapo, koo zote, vilima vyote. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akashuka. Akatembea kwa miguu, yeye aliyezoea anga, akapita katikati ya wanyama mpaka mbele ya Punda Milia aliyejaa udongo.

"Mama," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "sikukurudishia neno lako. Nalirudisha leo. Ulisema mgeni ni baraka. Ulisema Tembo hutokea upande wa magadi, nawe umeziona nyayo zao. Ulisema hawana njia ila Mlango wa Chumvi. Uliuliza, tusipofungua njia mgeni atapita wapi? Ulisema ndama watapata chumvi. Ulisema mwanao yuko upande ule. Kisha ulilia."

Punda Milia akainua kichwa.

"Ndilo," akasema.

Twiga akaacha mfupa uanguke.

Hondohondo akamgeukia Kiboko. "Na wewe, Mwenyekiti, una neno lako, sitalificha. Ulisema mama asijali. Ulisema Tembo atakuja na mto, kila chema huja na mto."

Wote wakamtazama Kiboko. Angeweza kusema "silo." Akalitazama bwawa lake. Akausikiliza mlima. "Paaaa," ukasema mlima.

"Ndilo," Kiboko akasema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

Nyati akageuka kuelekea milimani. Kongoni akamfuata. Kisha ikawa kwato, kwato, kwato, vumbi hadi mbinguni. Wale waliochimba bwawa kiangazi chote sasa walijua kuchimba. Huku wanavuta, kule tembo wanasukuma. Ngiri alifukua kwa meno yake, na safari hii hakukumbuka kupumzika. Nyani walibeba miiba, hawakumwita mtu jina. Mawe yakalia, kwaruu, kwaruu. Jiwe moja likasogea kidogo, na mwanga mweupe ukachungulia, upana wa jicho.

Punda Milia akaweka jicho lake hapo.

Kisha mawe yakaporomoka, na njia ikawa ya tembo.

Tembo wakapita. Walikuwa na kiu ya safari nzima. Hawakulitazama jukwaa. Walikwenda moja kwa moja kwenye bwawa la mapokezi, wakatumbukiza mikonga, wakalinywa lote. Kiboko akabaki amekaa kwenye tope. Tembo mkubwa akamshukuru sana kwa maji, akamuuliza, "Lakini Mwenyekiti, kwa nini ulifunga mlango?"

Nyuma ya tembo wakatoka wale vijana wa zamani. Hawakuwa vijana tena. Mama waliwaita watoto wao, na watu wazima wakageuka. Akatoka punda milia mmoja mnene, mwenye mashavu kama vibuyu viwili. Pembeni yake palikuwa na mtoto.

Punda Milia akataka kuita. Kabla hajafungua mdomo, binti alikuwa ameshamfikia.

Mashavu akamtazama mama yake, akampita.

Alimpita, jamani, kama unavyompita mtu usiyemjua sokoni. Akaenda kwa huyu, akatazama ubavu. Akaenda kwa yule, akatazama ubavu. Kwa maana huyo aliyempita hakuwa na milia. Alikuwa mwekundu kutoka shingo hadi mkia. Udongo wa bwawa ulikuwa umemfunika.

Mama akaona. Hakulia. Akalisogelea lile jiwe aliloliimbia miaka yote, akajisugua. Kwaru, kwaru. Udongo ukadondoka vipande vipande. Kwaru, kwaru. Ukatokea mstari mmoja mweusi, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Kisha akageuka ubavu, akasimama tuli, kama alivyosimama asubuhi ile ya jua jepesi.

Mashavu akageuka. Akatazama. Akarudi hatua moja, akasimama tena. Alisoma polepole, kama mtu anayesoma kitu alichojifunza utotoni. Alipofika penye milia miwili inayokutana karibu na bega, akapanusa.

"Kwa-ha," akasema, kwa sauti nyembamba, ile ya zamani.

Hakukimbia. Alimsukuma mtoto wake kwa pua, akamleta mbele, akamsimamisha hapo kwenye ubavu wa bibi. Kisha yeye mwenyewe akazunguka nyuma, akasimama kati yao na ulimwengu, asiruhusu yeyote asogee. Na mtoto akaanza kusoma.

Yule Mashavu mdogo wa miguu ya kutetemeka hakurudi. Huyo alikulia ng'ambo, mama asimwone. Mpaka kufa kwake, Punda Milia akiwa analamba magadi na wajukuu, alikuwa akisimama ghafula na kutega sikio kwenye upepo, kana kwamba kuna mtoto bado anaita kule.

Hondohondo aliendelea na kazi yake, na mkuyu haukunyang'anywa. Lakini tangu siku hiyo hakuruka kabla ya kusikia "ndilo" ya mwisho, hata jua likizama, hata aliyesema awe mdogo kama panya.

Basi mafunzo ni haya, wakubwa kwa wadogo. Anayepeleka habari apeleke zote mbili, maana nusu ya habari hufunga njia kama jiwe. Na anayeongoza aulize kwanza wenyeji wanalilia nini, kabla ya kuuliza wageni watakaa wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesikia kwa sikio moja, amuulize jirani yake la pili.